Jaji kakosea mbele ya macho yangu, nikamfuata na kupayuka. Je, nilikuwa na haki?

#1 KwatoNne

Habari zenu wakuu. Tangu juzi sijalala vizuri. Naomba mniambie ukweli hata kama unauma.

Mdogo wangu wa kike, miaka 15, alikuwa anashindana kuruka viunzi. Alikuwa safi mpaka kiunzi cha saba. Hicho ni kiunzi cha wima, fito tatu zimepangwa moja juu ya nyingine. Farasi akanyanyuka, ukwato ukagonga, ufito ukaenda chini. Sasa sikilizeni: ulioanguka ni wa KATIKATI. Wa juu ulitikisika tu, ukabaki pale pale. Jaji akaandika makosa manne, yaani pointi nne za adhabu. Badala ya kuingia raundi ya kuamua mshindi, mtoto akaishia wa sita.

Nilitoka nilipokuwa nimekaa nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha majaji. Nikamuuliza jaji mbele ya watu, "Wewe huoni, au umeshapewa chako?" Msimamizi wa uwanja akaja kuniondoa. Usiku wake nikaandika kwenye kundi letu la wapandaji kwamba ushindi wa leo ni wa kupewa. Mama wa binti aliyeshinda yumo humo. Hakujibu neno, akajitoa.

Leo nimepigiwa simu. Kamati inataka kuniona Jumamosi.

Swali langu ni hili: mtu akiona haki ya mtoto inapotea anyamaze? Mimi naona nilikuwa na haki ya kusema. Ila mdogo wangu haongei na mimi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

#2 Shoti

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Pole, lakini ndiyo hivyo.

#3 BiHatamu

Shoti, methali hiyo watu wanaitumia kama kizibo cha midomo. Unakubali kushindwa ukiwa umeshindwa. Kama umeandikiwa kosa ambalo hukulifanya, hapo hujashindwa bado, kuna jambo la kuuliza.

Kwa kanuni za FEI, yaani Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, fito zikipangwa moja juu ya nyingine kwenye wima mmoja, inayohesabiwa ni kuanguka kwa ile ya juu. Ya chini yake ikianguka peke yake hakuna adhabu. Kwa hiyo kama mambo yalikuwa kama unavyoeleza, mdogo wako hakustahili yale manne.

Lakini kanuni hizo hizo zinampa mtu njia ya kulalamika. Unaandika pingamizi, unaliwasilisha ndani ya dakika 30 tangu matokeo yatangazwe, na unaweka dhamana inayolingana na faranga 150 za Uswisi. Mashindano madogo yana kanuni zake na viwango vyake, hilo utalikuta kwenye ratiba, ila karibu kote njia ni ya namna hiyo. Mdogo wangu KwatoNne, ulikuwa na nusu saa mkononi. Uliitumiaje?

#4 KwatoNne

Dada, niliitumia kupayuka. Habari ya dakika 30 ndiyo naisikia kwako sasa hivi. Asante.

#5 Karani_wa_Pembeni

Nimekaa pembeni ya majaji miaka mingi kama karani, zaidi kwenye dresaji, ule mchezo wa farasi kufanya mazoezi ya mwendo na kupewa alama. Jaji anatazama, anatamka alama, mimi naandika. Kila zoezi lina alama kuanzia 0 hadi 10, nusu zinaruhusiwa, na kabla sijamaliza kuandika sababu ya zoezi la kwanza farasi ameshaingia la pili. Jaji hana nafasi ya kurudisha nyuma alichokiona. Akikosea, amekosea akiwa anafanya kazi ambayo wengi wetu tungeikimbia asubuhi ya kwanza.

Nilishamwona jaji, mtu mzima, anakaa ndani ya gari lake jioni anafuta machozi kwa sababu mzazi mmoja alimwambia maneno kama yako. "Umekosea" ni neno linalojibika: tunafungua kanuni, tunatazama karatasi, tunazungumza. "Umepewa chako" ni kumwita mtu mwizi mbele ya watoto aliowaamua. Hata ikija kuonekana ulikuwa sahihi kuhusu ufito, hilo la pili bado ni deni lako.

#6 Tandiko

Kabla hatujafika huko kwenye deni. Mleta uzi, ulikuwa umekaa wapi?

Nauliza kwa sababu. Uwanja wa dresaji wa kimataifa ni mita 20 kwa 60. Kwenye mashindano ya majaji watano, watatu wanakaa upande mfupi, kwenye herufi H, C na M zilizowekwa ukingoni mwa uwanja, na wawili pembeni, kwenye E na B. Aliyekaa C anaona kama farasi amenyooka, lakini haoni vizuri urefu wa hatua. Aliyekaa B anaona hatua, lakini kupinda kidogo kwa nyuma kunampita. Farasi ni yule yule, dakika ni ile ile, na wote wawili wanasema kweli. Watu wakiona mmoja katoa 7 na mwingine 6 wanapiga kelele za upendeleo, kumbe tofauti ni kiti.

#7 KwatoNne

Nilikuwa kwenye mabenchi, upande wa kulia, kama mita 30 kutoka kiunzi cha saba.

#8 Shoti

Mita 30, farasi yuko hewani, na umetofautisha ufito wa katikati na wa juu? Hayo ni macho ya mwewe mkuu. Tukuajiri.

#9 Mwanakanuni

Niongeze kitu ambacho BiHatamu amekiruka. Pingamizi lina mipaka. Kuna maamuzi ya papo kwa papo uwanjani ambayo FEI hairuhusu kuyapinga kabisa: kama kiunzi kimeangushwa au la, kama farasi amekataa kuruka au la, alama alizopewa mtu kwa alivyopanda. Jopo la majaji likishaamua jambo la namna hiyo, ndiyo mwisho. Kwa hiyo hata KwatoNne angewahi ndani ya dakika 30 na karatasi yake nzuri, angejibiwa kwamba jaji aliona kiunzi kimeanguka na hilo halijadiliwi.

Na kuhusu lugha: kumtukana mwamuzi ni moja ya sababu za kadi ya njano. Mbili ndani ya mwaka mmoja, mhusika anasimamishwa miezi miwili.

#10 BiHatamu

Mwanakanuni, sikubaliani nawe kwenye hilo la kwanza. Kuna kuona na kuna kutafsiri. Jaji akisema "nimeona ufito wa juu umeanguka," hilo ni la macho yake na sina la kusema. Lakini akisema "ufito wa katikati umeanguka, kwa hiyo manne," macho yake yako sawa, kanuni ndiyo kaikosea. Hilo la pili linapingika. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza jaji, kwa sauti ya chini na kupitia ofisi ya mashindano, lingekuwa: "Tunaomba kujua, ni ufito upi uliohesabiwa?" Maneno machache, na hayamvunjii mtu heshima.

#11 Mwanakanuni

Mpaka huo uko wazi kwenye karatasi. Uwanjani watu wameupigania hadi mahakamani.

#12 Ufito_wa_Juu

Mnakumbuka Olimpiki ya Athens 2004? Wajerumani walivuliwa dhahabu wakiwa wameshaivaa, kwa sababu ya dawa za farasi. Kelele zilikuwa dunia nzima.

#13 Tandiko

Unachanganya mkuu. Ya dawa ni ya Cian O'Connor wa Ayalandi, kuruka viunzi, mtu binafsi. Dhahabu ikaenda kwa Rodrigo Pessoa wa Brazili.

#14 Mwanakanuni

Nyote mmeshika pembe moja moja. Athens ilikuwa na kesi zaidi ya moja. O'Connor ni kweli. Ujerumani nao ni kweli walipoteza dhahabu ya timu ya kuruka viunzi kwa sababu ya dawa iliyokutwa kwa farasi wa Ludger Beerbaum.

Lakini inayohusiana na uzi huu ni ya tatu, ya Bettina Hoy wa Ujerumani kwenye mashindano ya siku tatu, yaani dresaji, mbio za nyikani na kuruka viunzi. Siku ya kuruka viunzi alivuka mstari wa kuanzia mara mbili, saa ikawa na utata. Jopo la majaji likampa adhabu ya muda. Wajerumani wakakata rufaa, kamati ya rufaa ikaifuta, wakapanda jukwaani kama mabingwa. Ufaransa, Uingereza na Marekani wakaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Mahakama haikusema Hoy ni mdanganyifu. Ilisema uamuzi wa majaji ulikuwa wa mambo waliyoyaona uwanjani, na kamati ya rufaa haikuwa na mamlaka ya kuugusa. Adhabu ikarudi. Dhahabu ya timu ikaenda Ufaransa, ya mtu binafsi ikaenda kwa Leslie Law wa Uingereza.

Kwa hiyo dada BiHatamu, hata wanasheria walibishana ni wapi kuona kunaishia na kutafsiri kunaanzia.

#15 Ufito_wa_Juu

Asante kwa darasa, nimesahihishwa.

#16 MamaWawili

Naomba niseme kama mzazi, maana naona mnazungumza kanuni na mimi najua moyo unavyokuwa.

Mwaka fulani binti yangu alikuwa na farasi mzee wa kijivu, mpole, aliyemlea mwenyewe tangu akiwa na jeraha mguuni. Kwenye darasa la kuonyesha farasi, jaji akamweka wa mwisho na kusema mwendo wake haukuwa sawa. Nilihisi kama mtu amemwambia mwanangu ana kasoro. Nilimjibu jaji maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nashika mdomo. Wiki mbili baadaye daktari wa mifugo akakuta uvimbe kwenye ule mguu. Jaji aliona kitu ambacho sisi, kwa kumpenda farasi, tulikuwa hatukioni.

Naamini ugomvi wa mashindano ya farasi unakuwa mkali kuliko wa mpira kwa sababu hii. Mpira ukikosolewa hauna jina. Farasi ana jina, unamlisha, unalala bandani akiugua. Anayemkosoa amekugusa nyumbani.

Na jingine. Siku ile mimi ndiye nilikuwa mama na mimi ndiye nilikuwa mwalimu wake. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Mwalimu ndani yangu alijua lile jicho la jaji si bure, mama hakutaka kusikia.

#17 SaisiMzee

Shikamooni wakubwa zangu kama mko humu, na wadogo marahaba.

Mimi ni saisi. Nimeshika hatamu za farasi wa watu muda mrefu. Niwaambie kinachotokea wakati nyie mnagombana. Mwenye farasi anashuka kwa hasira, ananirushia hatamu, anakwenda ofisini kubishana. Farasi amelowa jasho, tandiko liko mgongoni, hajapewa maji. Anasikia sauti za ukali, masikio yanarudi nyuma, anaanza kuzunguka. Nusu saa baadaye mtu anarudi na hasira zake, anapanda tena, halafu anashangaa kwa nini farasi amekataa kiunzi cha kwanza.

Tokyo, Olimpiki ya 2020 iliyofanyika 2021, wote mliona. Annika Schleu wa Ujerumani, mchezo wa pentathloni (mtu mmoja anashindana michezo mitano, kupanda farasi kukiwamo wakati ule), farasi Saint Boy waliyempangia kwa kura, dakika 20 tu za kufahamiana. Farasi akagoma, mpandaji akalia, kocha wake akampiga farasi ngumi na akaondolewa mashindanoni. Baada ya Paris 2024 farasi hawamo tena kwenye mchezo huo. Hasira ya dakika chache imechangia kufuta kitu kilichodumu tangu 1912.

Na ugomvi mwingine hauanzii kwa jaji. Unaanzia uwanja wa kupasha misuli. Watu hawapishani kushoto kwa kushoto, wanakatiza mbele ya mtu anayeelekea kiunzi, wanaruka kutoka upande usiofaa wakati bendera nyekundu iko pale iwe kulia kwako na nyeupe kushoto. Mtu anaingia uwanjani tayari damu imechemka. Jaji anapokea mzigo ambao si wake. KwatoNne, kwenu kupasha misuli kulikuwaje siku hiyo?

#18 KwatoNne

Mzee wangu shikamoo. Umenishika pabaya. Kweli kulikuwa na msukumano. Yule binti aliyeshinda alimkatiza mdogo wangu mara mbili akiwa kwenye mwendo wa matiti akielekea kiunzi cha mazoezi. Nilikuwa nimeshakasirika kabla ya raundi kuanza. Sikuwa nimeunganisha hayo mawili hadi uliposema.

#19 Shoti

Mwendo wa nini?

#20 Karani_wa_Pembeni

Matiti. Usicheke, liko kwenye kamusi. Ni mwendo wa farasi au punda wa kudundadunda, kati ya kutembea na shoti. Na wewe uliyejiita Shoti ulipaswa kulijua.

#21 Shoti

Nimekoma. Leo nimejifunza na mimi.

#22 Msemakweli_77

Nimesoma tangu mwanzo na kuna kitu kinanikera. Kila anayechangia anamwambia kijana awe mpole, aheshimu majaji, aandike karatasi. Sawa. Lakini upendeleo upo, jamani. Kuna mashindano ambayo jaji anajuana na mwalimu wa fulani tangu utotoni, na kila mtu anajua, na hakuna anayeandika pingamizi kwa sababu jaji huyo huyo atamwamua tena mwezi ujao.

Historia inasaidia. Los Angeles 1932, Bertil Sandström wa Uswidi alikuwa wa pili kwenye dresaji, akashushwa hadi wa mwisho kwa madai kwamba alikuwa akitoa sauti kwa ulimi kumhimiza farasi. Yeye akasema ni tandiko lililokuwa linalia. Nani alikuwa sahihi? Mpaka leo ni neno la mtu dhidi ya neno la mtu. London 1948 timu ya Uswidi ikashinda dhahabu ya dresaji, mwaka uliofuata ikavuliwa kwa sababu Gehnäll Persson hakuwa na cheo cha ofisa kilichotakiwa wakati ule. Wala si kwamba alipanda vibaya. Ni nyota za begani.

Na 2024 je? Video ya Charlotte Dujardin, bingwa wa Olimpiki wa dresaji kutoka Uingereza, akimchapa farasi miguuni kwa mjeledi mrefu. Alijitoa Paris, akafungiwa mwaka mmoja na kutozwa faranga 10,000 za Uswisi. Kama aliyekuwa na video angeambiwa "kuwa na heshima, usiharibu jina la watu," ingefika wapi? Heshima isigeuzwe kifuniko cha chungu kilichooza.

#23 BiHatamu

Msemakweli, hili la kujuana nalikubali kwa mikono miwili, na ni kweli watu wanaogopa. Ila tazama mfano wako mwenyewe. Ile video ilipelekwa FEI kama malalamiko, ikachunguzwa, mhusika akajieleza, hukumu ikatoka. Aliyelalamika alikuwa na ushahidi na aliupeleka panapohusika. KwatoNne alikuwa na nini alipoandika "ushindi wa kupewa"? Alimtaja nani, kwa ushahidi upi? Na aliyeumia hakuwa jaji. Ni msichana aliyeshinda, ambaye hakuandika alama yoyote.

#24 Msemakweli_77

Kwa msichana nakubali. Kwa jaji bado naona maswali magumu yaulizwe kwa sauti. Na huyo jaji wenu mimi namfahamu, ni [limeondolewa]

#25 Msimamizi_wa_Jukwaa

Nimefuta jina. Tujadili jambo, watu binafsi tusiwataje. Endeleeni.

#26 Tandiko

Hapo ndipo na mimi nina maelezo yangu, tofauti na ya MamaWawili. Si mapenzi kwa farasi. Ni simu. Zamani ukikasirika ulimwendea mtu, ukamwona uso, ukapungua. Sasa unaandika usiku peke yako na watu mia wanasoma kabla hujapoa. Rio 2016 Adelinde Cornelissen wa Uholanzi alisimamisha onyesho lake katikati kwa sababu farasi wake Parzival alikuwa ametoka kuugua homa. Saa chache tu, wengine wanamwita shujaa, wengine wanamwita mkatili kwa kuingia naye uwanjani kabisa. Wote walikuwa wameketi makwao.

#27 SaisiMzee

Kabla ya simu ugomvi ulikuwepo, Tandiko. Nilishaona watu wakishikana mashati bandani simu ikiwa bado ya kuzungusha kidole. Lakini na mazuri yalikuwepo pia.

Helsinki 1952 ndiyo mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa kwenye dresaji ya Olimpiki. Lis Hartel wa Denmark, miguu yake chini ya magoti ilikuwa imepooza kwa polio. Alikuwa anasaidiwa kupanda na kushuka. Akapata medali ya fedha. Aliyemshinda, Henri Saint Cyr wa Uswidi, ndiye aliyemsaidia kufika jukwaani. Kila nikimfundisha kijana kazi ya banda namsimulia hiyo.

Halafu fainali ya ubingwa wa dunia wa kuruka viunzi. Kwa miongo mingi, hadi 2014, wanne bora walibadilishana farasi. Kila mmoja alipanda farasi wake na wa wenzake watatu. Hebu fikirini: unamkabidhi mpinzani wako farasi wako, naye anakukabidhi wake. Utamtukana vipi mtu aliyeshika hatamu za mnyama wako?

#28 Ufito_wa_Juu

Mzee hiyo ya kubadilishana sikuwahi kuisikia. Ingekuwepo kwenye mashindano ya watoto!

#29 SaisiMzee

Hapana mjukuu wangu. Farasi mmoja kupandwa na watu wanne siku moja ni mzigo. Ilikuwa nzuri kwa watu, kwa farasi sina hakika.

#30 KwatoNne

Wakuu nimerudi. Nimefanya kitu ambacho hamkunituma ila nimekipata kwenye maneno ya BiHatamu, lile swali la "ni ufito upi". Nimemtafuta kijana aliyekuwa anarudisha fito kwenye kiunzi cha saba.

Anasema aliokota mmoja chini, wa katikati, kama nilivyoona. Lakini anasema na wa juu aliurekebisha. Ncha moja ilikuwa imetoka kwenye kishikio chake ikaegemea nguzo. Kutoka kwenye benchi nisingeweza kuiona.

Hii inabadilisha chochote?

#31 BiHatamu

Inabadilisha kila kitu. Ufito unahesabiwa umeangushwa hata kama haujafika chini, ikiwa angalau ncha moja haijakaa tena kwenye kishikio chake. Kama ncha ilikuwa nje, yale manne ni halali na jaji aliona vizuri kuliko sisi sote tuliokuwa tukimtetea mtoto humu, mimi nikiwa wa kwanza.

#32 Shoti

Taratibu dada. Kijana aliukuta hivyo, au aliutoa yeye mwenyewe alipokuwa anainua ule wa katikati? Fito hizo zinagusana. Nimewahi kufanya kazi hiyo, ukivuta mmoja kwa haraka unatikisa wote.

#33 Mwanakanuni

Na ndiyo maana macho ya jaji yanakuwa ya mwisho. Mkifuata ushahidi wa kila aliyekuwepo, kiunzi cha saba hakitakwisha mwaka huu.

#34 Msemakweli_77

Au ndiyo maana kuwe na kamera kwenye kila kiunzi.

#35 Tandiko

Kamera nayo ina kiti chake, kama jaji wa B.

#36 KwatoNne

Nimemuuliza hilo hilo la Shoti. Kijana anasema hakumbuki vizuri, anadhani ilikuwa nje tayari. "Anadhani." Sitampeleka mbele ya kamati kwa neno hilo.

Kuhusu mama wa yule binti, nimeandika ujumbe nimefuta mara tatu. Kila nikiandika "samahani" najikuta nimeongeza "lakini binti yako alimkatiza mdogo wangu."

#37 MamaWawili

Baba, hiyo "lakini" ikate. Ya kukatiza ni kesi ya msimamizi wa uwanja wa kupasha misuli, ilipaswa kusemwa siku ile, na ukitaka kuisema Jumamosi iseme Jumamosi. Kwa mama huyo andika ulichokifanya wewe tu. Na usimtumie ujumbe wa faragha peke yake. Ulimvunjia heshima kwenye kundi, rudisha kwenye kundi.

#38 Karani_wa_Pembeni

Mimi ningemwendea ana kwa ana kwanza. Kundi baadaye. Mtu aliyejitoa kwenye kundi hataiona samahani ya kwenye kundi.

#39 MamaWawili

Hapo umeniweza. Aende kwanza.

#40 BiHatamu

Na jaji je? Naona tumemsahau.

#41 Karani_wa_Pembeni

Barua fupi kupitia ofisi ya mashindano. Asimfuate bandani wala kwenye gari. Na asieleze habari ya ncha ya ufito, maana itaonekana anaomba radhi kwa sababu jaji alikuwa sahihi. Radhi ni ya neno "umepewa chako", na neno lile lilikuwa baya hata kama jaji angekuwa amekosea.

#42 Msemakweli_77

Hilo nalikubali, na msinihesabu nimehama upande.

#43 KwatoNne

Nimekwenda. Mama alifungua mlango nusu, akanisikiliza nimesimama nje. Akasema amesikia, na binti yake alilia usiku ule, basi. Hakunikaribisha ndani na sikutegemea. Barua ya jaji nimeiandika, mistari minne, naipeleka ofisini kesho asubuhi.

Mdogo wangu ameongea na mimi leo kwa mara ya kwanza. Nilikuwa bandani nasaidia kupiga brashi. Akaniambia kwamba yeye alisikia ufito wa juu ukigonga nguzo nyuma yake, sauti mbili, ya chini na ya juu, na alijua ni manne hapo hapo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa umeshaondoka kwenda kwa jaji."

#44 Shoti

Sauti mbili zinaweza kuwa ufito mmoja ulioruka ukagonga nguzo na ardhi, mjue.

#45 SaisiMzee

Shoti, mwache mtoto apige brashi farasi wake. KwatoNne, miguu mliimwagia maji baridi baada ya mazoezi?

#46 KwatoNne

Ndiyo mzee. Dakika kumi kila mguu wa mbele. Yuko salama, anakula.